Nyuma ya Ng'ombe wa Mwisho

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, kengele ya kanisa ikiwa bado inalia pale Kilosa, na mimi nimeshaingia katika nyumba ya mtu ambaye nilijua fika kwamba hayupo. Mlango wake haukuwa na kufuli. Mkononi nilikuwa na kifurushi cha gazeti, na ndani ya gazeti behewa dogo la ng'ombe, urefu wake kama kiganja na nusu. Nikachukua behewa moja pale ndani, nikaweka hili langu mahali pake, nikatoka. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kumeza mate. Lakini hata leo naimeza bado.

Najua unatabasamu. Hata enzi zile watu walinicheka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, nimeishia darasa la saba, na kazi niliyoipenda kuliko zote duniani ilikuwa kutengeneza treni ndogo ya mizigo. Si ya kuchezea watoto, la! Mabehewa kama yalivyokuwa yenyewe kwenye reli: ya robota za mkonge, ya mafuta yenye tumbo la duara, ya wazi ya kubebea magogo, na yale ya ng'ombe yenye mbavu za mbao ili mnyama apate hewa. Mwili wa behewa niliuchonga kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochipuka katikati ya mmea unapozeeka. Ukikauka huwa mwepesi kama kizibo, na kisu hupita humo kama kwenye mhogo uliochemka. Bati nilikata kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Magurudumu yalikuwa visoda, nilivyovigonga mpaka vikawa bapa. Na milingoti sikuitafuta mbali, maana mashamba yalikuwa yamelala, mkataji hakuna.

Ndizo siku ambazo redio haikuchoka kusema soko huria. Madukani sabuni zilirudi, za kila rangi, na gulioni mitumba ikajaa mpaka njiani. Hayo nayo tuyaseme, tusiwe wachoyo wa shukrani. Ila kwetu kambini shamba la mkonge lilifungwa likingoja mnunuzi. Baba yangu, aliyekuja Kilosa ujanani kama manamba, kibarua wa mkataba, akamchukua mama na wadogo zangu wakarudi kwao Songea. Mimi nikasema nitawafuata. Rafiki zangu wakaenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mabegani. Nyumba za kambi zilikuwa zimepangwa mistari kama mabehewa, na jioni ilipoingia, moshi wa jiko langu ndio pekee uliopanda katika mstari wetu. Zipo siku niliwasha moto bila kuwa na cha kupika, ili tu ionekane kwamba kuna mtu.

Lakini nilikuwa mtu wa ndoto, na mtu wa ndoto hanuni. Niliamini kabisa kwamba siku moja treni yangu ingekamilika, watu wangekuja kutoka Morogoro, wengine kutoka Ulaya, wasimame mlangoni wakisema, "Huyu Omari ni nani?" Asubuhi nilikwenda stesheni na kipande cha uzi kupima mabehewa halisi. Pale kulikuwa na Mama Zuhura, muuza chai na maandazi, ambaye mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

"Omari! Hilo treni lako linafika lini Dodoma? Nina mzigo wa maandazi."

"Leo leo mama, likipata dereva."

"Mwanamume mzima! Wenzio wanaoa, wewe umeoa makopo!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda. Kicheko cha kuchekwa ni afadhali kuliko kimya, mwanangu. Mtu aliyekaa peke yake siku tatu atakuambia.

Hapo stesheni ndipo aliponikuta Mzee Yohana. Nilikuwa nimechuchumaa nazungusha uzi wangu kwenye behewa na kutaja vipimo kwa sauti, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unalipima behewa kanzu?"

"Shikamoo mzee. Napima nikalichonge."

"Marahaba. Basi pima na kile kikombe cha grisi hapo kwenye gurudumu. Wote mnakisahau, kisha mnashangaa behewa linawaka moto."

Mzee Yohana alikuwa Msagara wa milimani, mjane, Mkristo wa kiti cha mbele. Miaka mingi alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kazi yake, treni ikisimama, ilikuwa kutembea ubavuni mwake kutoka kichwa mpaka mkia akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akiligonga kila gurudumu. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Akilipata bovu, anaandika kwa chaki ubavuni mwa behewa ubovu wake na jina lake mkaguzi, behewa linakatwa, linasukumwa njia ya pembeni. Akiridhika, anamwambia dereva neno moja, "Salama," na treni inaondoka. Kwa neno hilo moja watu walilala usingizi. Kisha ikaja habari ya kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, na kama vile dunia haikutosheka, mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Nilipojuana naye alikuwa anaona mwanga na vivuli tu.

Akawa mwalimu wangu. Alikuwa anakagua kazi yangu kwa vidole. "Hapa umekosea, fundi. Mlango wa behewa hili unateleza pembeni, haufunguki kama wa chumba cha bibi harusi." Au, "Robota hizi umezipanga ovyo, kona moja zitakuwa mtoni Mkondoa." Ilinibidi nibomoe nianze tena, na nilibomoa kwa furaha. Ni nani mwingine aliyekuwa na haja na kazi ya mikono yangu?

Siku moja akaniambia, "Omari, nataka treni moja kamili kabla taa hizi hazijazimika kabisa. Mabehewa ishirini. Nitakutajia moja moja lilivyofuatana."

Tukaanza. Treni tuliilaza juu ya ubao mrefu ukutani kwake. Kila behewa alilitaja kana kwamba liko mbele yake. La tisa lilikuwa la ng'ombe. Lile nilijenga mwili tu. Ng'ombe, Mzee alisema atawachonga mwenyewe. Masika nzima alikaa na kisu kidogo, akipapasa na kuchonga, mpaka wakapatikana ng'ombe kumi na wawili, wenye nundu na pembe, kila mmoja na sura yake. Aliwaingiza mwenyewe, akatelezesha mlango, akaufunga kwa waya.

Tangu hapo tukawa na desturi yetu. Jioni nikifika namwamkia, ananiitikia, kisha anauliza, "Fundi, treni iko salama?"

"Salama, mzee."

Hapo anapitisha vidole kutoka kichwa mpaka mkia, akigonga kila gurudumu kwa ukucha. Kwenye behewa la tisa mkono wake ulikuwa unakawia. Niliona. Nikadhani anajivunia ng'ombe wake. Kijana akiona jambo asilolielewa hulipa jina la haraka, akapita.

Sasa sikia upumbavu wangu. Palikuwa na jamaa mmoja akiitwa Kasembe, mwenye kibanda cha vinyago Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako watalii waendao mbugani walisimama. Alipita Kilosa akaletwa kwa Mzee Yohana na Mama Zuhura, kwa mzaha tu, "aone maajabu." Mzee hakuwapo, nilikuwapo mimi. Kasembe aliitazama treni, kisha akachuchumaa mbele ya behewa la tisa.

"Mdogo wangu, hili hapa! Hawa ng'ombe wanataka kulia kabisa! Niletee hili Mikumi, nikupe rangi za mafuta, brashi, msumeno mwembamba na koleo jipya. Na nikiliweka pale mbele, watu watauliza nani fundi."

Watu watauliza nani fundi. Neno lile lilinilevya, sitakuficha. Lakini haki ya Mungu, mwanangu, sikuwazia sifa peke yake. Tulikuwa na mabehewa kumi na moja tu kati ya ishirini. Kisu changu kilikuwa butu, rangi nilisaga kwa mkaa na udongo, na macho ya Mzee yalikuwa yanafunga kila mwezi. Nikasema moyoni, nikipata vifaa vile nitamaliza kabla hayajafunga kabisa. Behewa moja litoke, tisa yaliyobaki yaingie. Na kwani yeye anaona nini? Ng'ombe ni ng'ombe. Nikakesha siku mbili natengeneza la kufanana nalo. Nikalipaka mafuta machafu lipate uzee. Ng'ombe wangu walitoka kama mbuzi wenye homa, basi mlango nikaugandisha kwa gundi, asije akawapapasa.

Unaona? Mpaka gundi niliifikiria. Mtu anayedhani anatenda wema hahitaji kuziba mlango. Pale ningepaswa kujishtukia, sikujishtukia.

Jumapili ile nikabadilisha. Jumatatu nikadandia lori la vitunguu, hayo hayo malori yaliyokuwa yanaiondolea reli mizigo yake, tukapita vumbi mpaka Mikumi. Kasembe hakunipunja. Nilirudi nimekumbatia rangi zangu kama mtu aliyepata mtoto.

Jioni nikaenda kwa Mzee. Shikamoo, marahaba.

"Fundi, treni iko salama?"

"Salama, mzee."

Vidole vikaanza safari. La kwanza, la pili. Visoda vinalia ti, ti, ti. Kwenye la tisa akagonga ukucha. Akagonga tena. Akaweka kiganja juu ya mlango, akakaa nacho muda ambao mimi niliuona mrefu kama mwezi wa njaa. Kisha akaendelea na la kumi. Nikapumua. Nikajisifu, ndiyo, nilijisifu kwamba nimefaulu.

Siku ya pili akauliza tena, nikajibu salama. Ya tatu akauliza, sauti yake ikiwa chini, kama anayemuuliza mgonjwa. Nikajibu salama. Ya nne nilifika, nikaamkia, akaitikia, nikangoja. Hakuuliza. Akanikaribisha uji, tukanywa. Nikamwonyesha behewa jipya nililolipaka rangi nyekundu ya Kasembe. Akalishika, akasema, "Zuri," akaliweka chini bila kuligonga.

Wiki nzima hakuuliza. Mwanangu, sijawahi kupigwa na mtu kwa namna ile. Kambini hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimekula, nimelala, ninaumwa. Neno moja tu duniani ndilo lililokuwa linaniuliza mimi, nalo nilikuwa nimeliua. Nilijaribu kwenda stesheni nichekwe nipate nafuu. Mama Zuhura akanitazama, akasema, "Omari, leo hata kukutania naona dhambi. Kaa, unywe chai." Nikajua basi, nimeharibikiwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikanyanyuka nikaenda kwa Mzee.

Nilimkuta amekaa karibu na ubao wake. Sikuamkia. Nilianguka magoti nikasema, "Mzee, la tisa si lenyewe. Lenyewe nimelipeleka Mikumi."

"Najua," akasema. "Lenyewe lilikuwa na mzigo. Hili linalia kama tupu."

"Ng'ombe wamo mzee, ila nimewachonga vibaya."

"Ng'ombe sawa. Na mtu?"

"Mtu gani?"

"Nyuma ya ng'ombe wa mwisho, kwenye kona, yupo mtu amechuchumaa. Hukumwona?"

Sikumwona. Behewa nililolibeba mwenyewe mapajani mpaka Mikumi, sikuchungulia hata mara moja.

Ndipo akaniambia habari ya Stefano, mwanawe wa pekee. Treni za ng'ombe kutoka bara zilikuwa zinasimama Kilosa wanyama wanyweshwe maji. Wachungaji wao walisafiri humo humo, na vijana wa mjini waliwasaidia kuchota. Siku moja Stefano alikuwa amegombana na baba yake asubuhi. Ugomvi mdogo tu, wa shati. Mchana treni ya ng'ombe ikafika. Mzee Yohana akaikagua kama kawaida. Kwenye behewa la tisa aligonga magurudumu yote manane, yakaimba vizuri. Akamwambia dereva, "Salama." Treni ikaondoka. Jioni mchota maji mmoja akaja kumwambia kwamba Stefano alikuwa mle, amejificha nyuma ya ng'ombe, ameshika mbavu za behewa. Baba yake alipita hatua moja kutoka alipokuwa. Stefano hakurudi, hakuandika, na waliokwenda kumtafuta Dar es Salaam hawakumpata.

"Mimi mwenyewe nilimruhusu aende," akasema Mzee. "Niligonga magurudumu, sikutazama mzigo. Nawe umefanya yale yale. Sikulaumu sana, fundi. Ila nilikuwa namshika kila jioni."

Kuna usemi kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwepesi kwa asiyeubeba. Nilikuwa nausikia tangu utotoni, nikadhani unasema habari za kubeba magunia.

Asubuhi yake niliondoka na vifaa vyote vya Kasembe, hata koleo ambalo nilikuwa nimelizoea mkononi. Lori lilikuwa la saruji safari hii. Kasembe aliponiona akafurahi. "Umeleta jingine?"

"Nimekuja kuchukua lile, kaka. Vitu vyako hivi hapa."

Akakuna kichwa. "Mdogo wangu, lile halikulala hapa hata siku mbili. Lilichukuliwa na mama mmoja mgeni, alikuwa na gari lenye turubai. Walielekea Iringa, au walitokea Iringa, sikumbuki. Mimi sikujua."

Hakujua, na ni kweli. Aliniachia vifaa, akakataa kuvipokea. Nilisimama kando ya barabara ile nikatazama upande wa Iringa, kisha upande wa Morogoro. Magari yanapita kwa kasi, kila moja na watu wake, na sikumjua hata mmoja wa kumsimamisha. Nikafikiri, basi hivi ndivyo Mzee Yohana alivyosimama kwenye reli.

Nilipomweleza Mzee, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akacheka kidogo kwa pua. "Kwa hiyo ameondoka tena bila kuaga. Kichwa kigumu kama mama yake." Akapapasa mfukoni mwa koti lake la kazi, akatoa kipande cha chaki. "Shika. Kazi yetu ina sheria. Aliyeona ubovu ndiye aandikaye, na jina lake."

Nikalichukua behewa langu la uongo. Nikaandika ubavuni: SI LENYEWE. OMARI.

"Liondoe kwenye treni. Liweke njia ya pembeni." Njia ya pembeni ilikuwa dirisha lake.

"Nisogeze yaliyobaki yaungane, mzee?"

"Acha nafasi."

Tulimaliza treni kabla ya vuli, mabehewa kumi na tisa na nafasi moja, kwa rangi na msumeno wa Kasembe. Na jioni ile ya kwanza ya chaki, nilipogeuka niende zangu, ndipo akauliza, kwa sauti yake ya zamani:

"Fundi, treni iko salama?"

Machozi yakanitoka. "Hapana, mzee. Behewa moja halipo."

"Eeh," akasema. "Sasa umekuwa mkaguzi."

Akauliza hivyo kila jioni mpaka mwisho wake, nami nikajibu hivyo kila jioni. Macho yalikwisha kabisa, lakini vidole vikaendelea na safari yake. Vikifika kwenye nafasi ile vilisimama hewani, kana kwamba vinaweka mkono begani mwa mtu, kisha vikashuka kwenye la kumi. Alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Munisagara, kule milimani, wakaibeba treni na ubao wake. Mimi niliomba lile la dirishani tu. Ninalo hapa. Chaki imefifia, siiongezi, lakini jina langu bado linasomeka.

Nami sikuwafuata wazazi Songea kuishi. Nilikwenda kuwaona nikarudi. Mashamba yalipata mnunuzi, watu wengine wakaja na watoto wao, na moshi ukarudi kwenye mistari. Nachonga bado. Ila kila behewa la ng'ombe nililolichonga tangu siku ile, nyuma ya ng'ombe wa mwisho nimemweka mtu. Wanunuzi hawamwoni. Si neno.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Kabla hujakitoa kitu cha mwenzako mahali pake, hata kama ni kidogo, hata kama mwenyewe haoni, hata kama moyo wako unakuambia ni kwa faida yake, uliza kwanza kimebeba nini. Usikague magurudumu ukaacha mzigo. Ukigombana na mwanao au mzazi wako asubuhi, usingoje jioni. Na ukiharibu, usitengeneze cha kufanana; shika chaki uandike mwenyewe, kwa sababu nafasi iliyo wazi watu wataizoea, bali kitu cha uongo kitawanyamazisha wote wanaokupenda, mmoja baada ya mwingine, na utabaki na ushindi wako peke yako.

Nenda sasa. Mungu akuwekee njia nzima mbele na nyuma, akupe mikono yenye kazi na nyumba yenye moshi. Popote utakaposimama, asikosekane mtu wa kukuuliza kama uko salama, nawe usikose ujasiri wa kumjibu kweli.